Ukimwi Ulitoka Wapi, na Kwa Nini Yatupasa Kujua



Siku moja nilikuwa nimekaa sokoni Wote nikingoja gari la kuchukua magunia yangu ya ndengu. Karibu nami walikuwapo wazee watatu na kijana mmoja, wakizungumza habari za maradhi. Mmoja wa wazee hao, mtu mwenye shamba zuri na ujuzi mwingi wa ng'ombe, alisema ya kwamba Ukimwi ulitengenezwa na Wazungu ili kuwapunguza watu weusi. "Na waliotengeneza ugonjwa," akasema, "ndio waliotengeneza vidonge. Nani atameza dawa ya adui yake?" Wenzake waliitikia kwa vichwa. Yule kijana hakusema neno. Baadaye, tulipokuwa tukipakia magunia, aliniambia kwa sauti ya chini ya kwamba dada yake ameacha vidonge vyake kwa muda wa miezi miwili, kwa sababu ya maneno kama hayo hayo.

Hiyo ndiyo sababu ya kuandika makala haya. Wako watu wasemao ya kwamba hakuna faida kujua ugonjwa ulitoka wapi. Mgonjwa ataka dawa, hataki historia. Zamani nami niliona hivyo. Sasa naona sivyo. Mtu akikosea juu ya mwanzo wa ugonjwa, atakosea pia juu ya dawa yake. Mfugaji aaminiye ya kwamba ng'ombe wake amerogwa hatampeleka joshoni, hata josho likiwa mlangoni pake.

Ugonjwa wa mnyama na ugonjwa wa mtu

Sisi wafugaji hatuna haja ya kufundishwa ya kwamba ugonjwa waweza kutoka kwa mnyama ukamwingia mtu. Twajua kimeta: mtu akichuna ng'ombe aliyekufa kwa kimeta, yeye mwenyewe hupata kidonda cheusi. Twajua kichaa cha mbwa, kilichowasumbua watu wa Makueni na Kitui kwa miaka mingi. Twajua homa ya Bonde la Ufa, iliyoua watu na mifugo katika Kenya mwishoni mwa mwaka wa 2006 na mwanzoni mwa 2007. Twajua ya kwamba maziwa mabichi ya ng'ombe atupaye mimba huweza kumletea mtu homa isiyokwisha.

Basi Ukimwi nao ulianza hivyo hivyo. Wataalamu walikusanya kinyesi cha sokwe katika misitu ya kusini-mashariki ya Kameruni, wakakipima. Mwaka wa 2006 walitangaza ya kwamba wamekuta ndani yake virusi vilivyo ndugu wa karibu sana wa virusi vya Ukimwi vilivyoenea duniani kote. Iko pia aina ya pili ya virusi hivi, isiyoenea sana, ambayo ilitoka kwa aina moja ya kima wa Afrika Magharibi.

Virusi hivi viliingiaje kwa mtu? Yaelekea ni kwa njia ya damu. Mwindaji aliua sokwe ili apate kitoweo, akamchinja, na damu ya mnyama ikaingia katika jeraha mkononi mwake. Mtu huyo hakutenda dhambi wala uchawi. Alifanya kazi ambayo kila mmoja wetu ameifanya nyuma ya nyumba yake, isipokuwa sisi twachinja mbuzi.

Ushahidi wa mwaka 1959

Mzee wa sokoni ataniuliza, "Wajuaje ya kwamba haukutengenezwa?" Ni swali la haki, nami nitalijibu kwa miaka.

Mwaka wa 1959 damu ya mtu mmoja ilichukuliwa katika mji wa Leopoldville, Kongo ya Wabelgiji, mji uitwao leo Kinshasa. Damu hiyo ikahifadhiwa. Miaka mingi baadaye, wataalamu walipoipima, walikuta virusi vya Ukimwi. Tena walikuta virusi hivyo katika kipande kidogo cha mwili wa mwanamke wa mji ule ule, kilichochukuliwa mwaka wa 1960.

Sasa fikirini. Umbo la chembe za urithi lilijulikana kwa mara ya kwanza mwaka wa 1953. Ustadi wa kukata na kuunga chembe hizo ulianza katika miaka ya 1970. Mwaka wa 1959 hapakuwa na mtu ye yote duniani, Mzungu wala Mwafrika, aliyeweza kutengeneza virusi. Huwezi kumshitaki fundi kwa kujenga nyumba kabla ya matofali kuwapo.

Liko jambo jingine. Virusi vya 1959 na vile vya 1960 vilikuwa vimekwisha kutofautiana sana, ingawa vilitoka mji mmoja. Mkulima ataelewa. Ukigawa mbegu zako za mahindi kwa jirani wawili, kila mmoja akapanda mbegu zake mwenyewe mwaka baada ya mwaka, mwishowe mahindi yao hayatafanana. Kadiri yalivyotofautiana, ndivyo utakavyojua ya kuwa ni siku nyingi tangu ulipoyagawa. Wataalamu walihesabu kwa njia kama hiyo, wakaona ya kwamba virusi hivi vilianza kuenea kwa watu mwanzoni mwa karne ya 20, kabla ya mwaka wa 1930. Babu zetu walikuwa vijana wakati huo.

Njia ya mto na gari la moshi

Kama ugonjwa ungebaki msituni, pengine ungekufa pamoja na yule mwindaji na jamaa zake. Haukubaki, kwa sababu nyakati zile nchi ilikuwa ikifunguliwa kwa nguvu. Watu walichukuliwa kukata mpira na kubeba mizigo. Mashua za biashara zilishuka mitoni. Yaelekea kwa njia hiyo virusi vilifika Kinshasa, mji uliokuwa ukikua upesi, wenye wanaume wengi waliotoka mbali kutafuta kazi na kuwaacha wake zao nyumbani.

Kutoka Kinshasa watu walisafiri mbali kwa reli na kwa mto. Mwishoni mwa miaka ya 1940, zaidi ya watu milioni 1 walipita mji huo kwa gari la moshi kila mwaka. Virusi vikasafiri nao mpaka Lubumbashi na Mbuji-Mayi, penye migodi, na kwa mto mpaka Kisangani. Wako wataalamu waaminio pia ya kwamba sindano za kampeni za kutibu malale na magonjwa mengine, zilizotumiwa kwa watu wengi bila kuchemshwa sawasawa, zilisaidia kuueneza.

Kongo ilipopata uhuru mwaka wa 1960, watu wengi wa Haiti wenye elimu walikwenda kufanya kazi huko. Waliporudi kwao, virusi vilirudi pamoja na baadhi yao. Kutoka Haiti vikafika Marekani kama mwaka wa 1970. Vilienea huko kwa miaka kumi na zaidi bila mtu kujua. Tarehe 5 Juni 1981 ndipo madaktari walipoandika habari za vijana watano wa Los Angeles waliopatwa na ugonjwa wa mapafu usiowapata watu wenye afya. Mwaka wa 1983 wataalamu wa Paris, miongoni mwao Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier, waliviona virusi vyenyewe.

Hata huko Marekani walitafuta wa kumlaumu. Kwa miaka mingi walisema ya kwamba mtumishi mmoja wa ndege kutoka Kanada, Gaëtan Dugas, ndiye aliyeuleta ugonjwa. Mwaka wa 2016 uchunguzi wa damu za zamani ulionyesha ya kwamba siye. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kufika zamani. Mtu huyo alikuwa amekufa tangu 1984, na jina lake lilichafuliwa bure. Nami nikisoma habari hiyo nakumbuka wajane wetu wangapi walioambiwa mazishini, "Wewe ndiwe uliyemwua mume wako," na huku hakuna ajuaye nani alitangulia.

Barabara yetu

Afrika ya Mashariki nayo haikusalimika. Kama mwaka wa 1982 watu wa Kasensero, kijiji cha wavuvi katika Rakai, Uganda, walianza kuona wenzao wakikonda na kufa. Mwaka wa 1983 wagonjwa wa kwanza walijulikana Kagera, Tanganyika ya zamani. Mwaka wa 1984 mgonjwa wa kwanza alijulikana hapa Kenya.

Tazameni ramani. Toka Mombasa kwenda Nairobi na mbele mpaka Uganda, njia ni moja, nayo yapita katika Makueni yetu: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud, Salama. Reli ilijengwa kati ya 1896 na 1901, na barabara ikafuata. Hapo ndipo madereva wa malori hulala. Profesa Job Bwayo wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake waliwapima madereva wa masafa marefu katika kliniki ya Athi River, wakaona ya kwamba zaidi ya mmoja katika kila watano ana virusi. Hizo ni habari za mwanzo wa miaka ya 1990, kabla ya dawa kupatikana.

Hatuwezi kuilaumu barabara. Ndiyo ichukuayo maembe na machungwa yetu, ndiyo iletayo mbolea. Tena hatuwezi kumlaumu dereva peke yake, wala msichana auzaye chai Emali kwa sababu ukame umemaliza mahindi ya mama yake. Yale yaliyotokea Kinshasa ndiyo yaliyotokea kwetu: mwanamume akienda mbali na nyumbani kutafuta fedha, na mwanamke akikosa njia nyingine ya kulisha watoto, ugonjwa hupata mlango. Kwa hiyo mkulima avunaye maji na kupanda mtama, pojo na mbaazi zistahimilizo jua, anayepata chakula nyumbani, naye amefunga mlango mmoja.

Uvumi nao una njia yake

Sisemi ya kwamba yule mzee ni mpumbavu. Mtu mweusi ana sababu ya kushuku. Huko Alabama, Marekani, toka mwaka wa 1932 mpaka 1972, watu weusi wagonjwa wa kaswende waliachwa makusudi bila kutibiwa ili madaktari watazame ugonjwa uendavyo, hata baada ya dawa kupatikana. Jambo hilo ni la kweli, nalo ni aibu kuu.

Lakini habari ya Ukimwi kutengenezwa ina mwanzo wake nayo, na mwanzo huo wajulikana. Mwaka wa 1983 gazeti moja la India liitwalo Patriot lilichapa barua isiyo na jina la mwandishi, ikisema ya kwamba Wamarekani wameutengeneza ugonjwa. Wapelelezi wa Urusi ya Kikomunisti ndio walioieneza habari hiyo duniani, kwa kuwa walikuwa na ugomvi na Marekani. Mwaka wa 1992 mkuu wa upelelezi wa Urusi, Yevgeny Primakov, alikiri. Basi mzee wangu wa sokoni, aliyedhani anakataa kudanganywa na wageni, alikuwa amebeba mzigo wa wageni wengine bila kujua.

Tena uvumi huleta dawa za uongo. Mwaka wa 1990 tuliambiwa ya kwamba Kemron ni dawa ya Ukimwi. Ilipojaribiwa vizuri haikuonekana kufaa. Mwaka wa 2011 maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji Ambilikile Masapila. Wako waliotupa vidonge vyao baada ya kunywa, na wengine wao wakafa. Hapa Ukambani wengine walisema ni thavu, wakatafuta mganga wa kuwatakasa. Kila asemaye mwanzo wa uongo, karibu yake yuko auzaye dawa ya uongo.

Josho na vidonge

Dawa ya kweli yafanya kazi gani? Haiviui virusi vyote. Huvizuia visizaane, vikabaki vichache sana. Mfano wake ni josho. Ukiogesha ng'ombe kila juma, kupe huwa wachache, na ndigana haipati nafasi. Kupe hawajaisha duniani. Ukiacha kuogesha, watarudi. Na mwenye kuchanganya dawa hafifu ili abane fedha huzalisha kupe wasiosikia dawa. Ndivyo ilivyo kwa mtu amezaye vidonge leo na kuacha kesho. Virusi hujifunza, na dawa ile haitamfaa tena.

Lakini mtu amezaye vidonge vyake kila siku, mpaka virusi visionekane katika kipimo cha damu, ataishi miaka mingi kama watu wengine, atalima, atasomesha watoto. Tena hatamwambukiza mwenzake wa ndoa. Mama mwenye virusi anayetumia dawa sawasawa huweza kuzaa na kunyonyesha, na ni nadra sana mtoto wake kuambukizwa.

Tohara nayo, ambayo sisi Wakamba tunayo kama mila, hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa kama asilimia 60. Asilimia 60 si 100. Asijidanganye mtu. Waganda katika miaka ya 1980 walitumia maneno ya wafugaji: walisema watu wafanye kama ng'ombe wa kulishiwa zizini, kila mmoja atosheke na malisho ya kwake. Ni ushauri mzuri, na wasiouweza watumie mipira.

Kilichobaki ni kazi yetu

Serikali ilikawia. Ni mwezi wa Novemba 1999 ndipo Rais Moi alipotangaza ya kwamba Ukimwi ni janga la taifa, miaka 15 baada ya mgonjwa wa kwanza. Tangu 2006 vidonge hutolewa bure katika hospitali za Serikali. Hata hivyo ukimya ule wa kwanza tuliulipa kwa makaburi. Duniani watu zaidi ya milioni 40 wamekwisha kufa. Anayetaka kujua maana ya hesabu hiyo na aende Kitui, kwenye Kijiji cha Nyumbani kilichofunguliwa mwaka wa 2006 katika shamba la ekari kama 1,000. Padre Angelo D'Agostino alikianzisha ili mayatima walelewe pamoja na wazee waliofiwa na watoto wao. Huko utaona bibi na wajukuu wakilima, na kizazi cha katikati hakipo.

Leo Wakenya kama milioni 1.3 wanaishi na virusi. Sehemu kubwa ya fedha za dawa na kliniki zilitoka Marekani tangu 2003. Mwezi wa Januari 2025 rais wa nchi hiyo alisimamisha misaada ya nje, na mara kliniki nyingi zikatikisika, wafanya kazi wakaachishwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hatuna sababu ya kukaa hivyo. Kiko kiwanda katika Kikuyu, cha Universal Corporation, ambacho mwaka wa 2023 kilikubaliwa na Shirika la Afya Duniani kutengeneza vidonge hivi. Basi katika mikutano ya bajeti ya kaunti, tunapoomba mabwawa na barabara, na mtu mmoja ainuke aulize: fedha za dawa ziko ngapi, na zikikatwa tena mwakani, tumejiandaaje? Swali hilo lastahili kuulizwa na mkulima, kwa maana wagonjwa wenyewe mara nyingi waogopa kuinuka.

Nao waogopa kwa sababu yetu sisi. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema wahenga. Lakini na tujiulize, ni nani amfanyaye mtu kuficha? Mtu afichaye vidonge ghalani chini ya magunia ya mahindi hamwogopi daktari. Amwogopa jirani. Siku jirani atakapojua ya kwamba ugonjwa huu ulitoka kwa mnyama kama kimeta, ukasafiri kwa reli na barabara kama mizigo mingine, sioni atakuwa na la kucheka.

Yule kijana nilimwambia amrudishe dada yake kliniki, aseme kweli ya kwamba aliacha kwa miezi miwili, ili wampime waone kama dawa ile ile bado yamfaa. Asione haya, wauguzi wameona wengi.

Na wewe, mzee wangu, kama unasoma gazeti hili, mimi huwa sokoni Wote kila niwapo na mazao. Njoo tuzungumze tena. Chai nitanunua mimi.